Likizo Niliyoitumia Wodini

Tabora, alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu Kalunde,

Umekwenda Itetemia kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa. Begi limefungwa, vyeti umevipanga mwenyewe, na habari za kuwa macho na mizigo njiani nimekwisha kukwambia mpaka umenichoka. Sitazirudia humu.

Ninaandika kwa sababu ya maneno uliyosema juzi tulipokuwa tunachambua mchele. Ulisema, "Hivi Mama, ustawi wa jamii kweli ni kitu cha kusomea chuo? Si ni kuwa na huruma tu na kujua kuongea na watu?" Baba yako akacheka. Mimi nikaendelea kutoa mawe kwenye ungo, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Najua ulitaka sheria, ukapangiwa huku, na bado inakuuma. Nilinyamaza kwa kuwa jibu langu lilikuwa refu, na mchele ulikuwa unasubiriwa jikoni.

Tena kosa la kutoijua kazi yangu si lako. Tangu ukiwa mdogo umeniona nikitoka asubuhi na mkoba, narudi jioni nimechoka, nakaa hapo barazani bila kuongea mpaka nimalize chai. Kazi yenyewe hujawahi kuiona kwa sababu haikuruhusiwa kuja nyumbani. Umeona uchovu tu, na mtu akiona uchovu tu atauliza kama ulivyouliza wewe.

Mimi nilipoingia chuo nilikuwa mwanafunzi mzuri sana wa darasani. Nilikuwa naweza kukutajia hatua za kumhudumia mteja, ya kwanza hadi ya mwisho, bila kukwama. Sikutaka kikundi chochote, sikutaka michezo, sikutaka mikutano. Niliona ni mambo ya watoto wa mjini wasiojali masomo. Aliyenitoa chumbani ni Rehema, yule unayemwita mama mdogo wa Morogoro. Tulikuwa tunalala chumba kimoja. Alikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha wanafunzi wa ustawi, na Jumamosi moja walikosa mtu, akanivuta mkono.

Ukisikia maigizo usifikiri jukwaa na pazia. Tulikuwa kwenye darasa tupu, viti vimesogezwa ukutani. Mmoja anakuwa afisa, mwingine anakuwa mwenye shida, wengine wanatazama. Mimi nikawekwa niwe afisa. Rehema akawa baba mlevi anayesemekana kumfungia mtoto ndani.

Nikabisha hodi. Nikasema, "Habari yako bwana. Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Nimekuja kufuatilia malalamiko yaliyotolewa dhidi yako."

Rehema akaubamiza mlango, ambao haukuwepo, akanipa mgongo. Igizo likaishia hapo. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Nikaomba kurudia. Safari hii nikasema, "Hodi wenyewe. Mimi mpita njia, naomba maji ya kunywa." Nikafunguliwa, nikakaribishwa kiti. Nikajiona mjanja. Lakini kijana mmoja aliyekuwa nyuma akasema, "Sasa umemdanganya. Akigundua kesho wewe ni nani, itakuwaje?" Tukabishana pale mpaka jikoni wakafunga. Wengine walisema mtoto kwanza, uongo mdogo si kitu. Wengine wakasema huyo baba hatamfungulia tena mtu yeyote wa serikali maisha yake yote. Sikuwahi kusikia mabishano kama yale kwenye mihadhara. Wiki iliyofuata nikarudi mwenyewe bila kuvutwa, nikajaribu tena: "Hodi. Naitwa Mwajuma, natoka ofisi ya ustawi. Najua hukunitarajia. Naweza kukaa hapa hapa nje?" Rehema aliyumba kidogo, kilevilevi, akaniambia, "Kaa."

Miaka yote ya kazi nimekuwa nikibisha hodi kwa maneno hayo. Goweko, Nzega, Igunga, kote. Sikupewa alama hata moja kwa ajili yake.

Hapo chuoni alikuwepo pia mwanafunzi kiziwi, Elia, aliyekuwa anatufundisha lugha ya alama jioni baada ya vipindi. Tulianza wengi, tukabaki wachache, maana mitihani ilikaribia na Elia alikuwa mkali, ukikosea anakurudisha mwanzo. Mimi nilibaki kwa sababu nilipenda ule ukimya. Sikufikiri kama nitaihitaji. Miaka mingi baadaye, Nzega, polisi waliniletea msichana waliyemwokota stendi. Walikuwa wamekwisha kuamua kuwa ana wazimu, kwa kuwa alikuwa anapiga mikono hewani na kulia. Nilichuchumaa mbele yake, nikamuuliza kwa mikono, jina lako nani? Aliikamata mikono yangu yote miwili akaing'ang'ania, ikabidi nisubiri aiachie ndipo tuendelee kuzungumza. Alikuwa amesoma shule ya viziwi, akapotezana na mjomba wake njiani. Kabla jua halijazama mjomba alikuwa amepatikana. Yule askari aliniuliza nimejifunza wapi, nikamwambia chuo. Lakini wewe sasa unajua ilikuwa saa gani za chuo.

Lakini jibu lako hasa liko kwenye likizo ya mwaka wa kwanza.

Nilirudi hapa Tabora, na yale maigizo yalikuwa yamenitia hamu. Nikaenda hospitali moja ya hapa mjini kuomba kujitolea. Ofisi ya ustawi ilikuwa chumba kidogo karibu na stoo, na afisa wake alikuwa Bwana Mihayo, mtu mzima, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Nikamweleza kwamba nataka uzoefu. Akaniambia, "Uzoefu hatuna. Tuna wagonjwa. Ukitaka hao, njoo kesho."

Kesho yake akanipeleka wodi ya wanawake na kunionyesha kikongwe aliyelala karibu na dirisha. Aliletwa kutoka stesheni ya treni, alianguka akishuka behewani, akavunjika mguu. Mguu ulikuwa umeshaunga, daktari ameshaandika ruhusa ya kutoka, lakini hakuna aliyewahi kuja kumtazama, na yeye mwenyewe hakusema anatoka wapi. Hakusema neno lolote. Wauguzi wengine walidhani ni bubu. Nitamwita Bibi Nyamizi.

Nilianza kama nilivyofundishwa. Nikavuta kiti, nikajitambulisha, nikamuuliza jina, kijiji, ndugu wa karibu. Alitazama ukuta. Siku ya pili nikauliza hivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio. Akaendelea kutazama ukuta. Nikaenda kwa Bwana Mihayo nikamwambia mteja hatoi ushirikiano. Akaniuliza, "Ameoga leo?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi kaanze hapo."

Kwa hiyo nikaanza hapo. Nilimwogesha, nikamkata kucha, nikamsuka nywele zile chache zilizobaki. Nilikuwa naongea mwenyewe tu, habari za nyumbani kwetu, habari za mvua. Asubuhi nikawa namwamkia, "Shikamoo bibi," haitikii, halafu naongeza "Mwangaluka," nikijisikia aibu kidogo, maana mimi ni mtoto wa mjini na Kinyamwezi changu unakijua kilivyo kibovu. Siku moja bibi yako alipika matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga, nikafunga kidogo kwenye bakuli nikampelekea. Akachukua kipande, akakitafuna polepole, akakigeuza geuza mdomoni. Kisha akasema kwa Kiswahili safi kabisa:

"Nani amekata viazi hivi?"

Nilishtuka karibu nimwage bakuli. "Mama yangu, bibi."

"Mwambie amekata vinene. Havikukauka ndani."

Muuguzi aliyekuwa anapita na dawa alisimama akashika mdomo. Mimi nilikuwa nacheka na kulia. Tangu siku ile Bibi Nyamizi akawa anaongea, mambo ya jikoni hasa, na mambo ya shamba, na siku moja katikati ya habari za viazi akasema kwamba kwao Goweko viazi vya mchanga wa karibu na reli ndivyo vitamu.

Goweko! Nilitoka wodini mbio mpaka ofisini. Bwana Mihayo alinisikiliza, akaniuliza, "Amesema anataka kwenda?" Nikamjibu, "Bwana Mihayo, mtu gani hataki kwenda kwao?" Alinitazama kidogo, akachukua kofia yake.

Tulipata lifti kwenye gari la halmashauri lililokuwa linapeleka chanjo. Goweko hatukuhangaika sana. Tuliuliza kwa mwenyekiti wa kitongoji habari za kikongwe aliyepotea, akatupeleka kwa mwanaume mmoja aitwaye Shija, tukamkuta kwenye banda lake la kukaushia tumbaku. Bwana Mihayo alimwambia taratibu kwamba mama yake yuko Tabora.

"Yuko hai?" Shija akauliza.

"Yuko hai. Na mguu umepona."

Shija alikaa chini pale pale kwenye majani ya tumbaku, akajifunika uso kwa shati lake, akalia kama mtoto. Walikuwa wamemtafuta kwa ndugu wote, wakafika mahali wakakata tamaa. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba. Hakulia, hakufurahi, hakutukaribisha maji. Nilimwona, lakini sikujiuliza chochote. Nilikuwa na furaha mno. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najitungia jinsi nitakavyosimulia chuoni: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amempata ndugu wa mtu aliyeshindikana.

Shija alikuja hospitali siku tuliyokubaliana, amevaa shati la sikukuu. Mimi nilikuwa nimeshamvalisha Bibi Nyamizi kanga mpya. Alikuwa amekaa kitandani, fimbo mkononi. Wauguzi walijikusanya kutazama. Shija akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuja. Twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwako, mama. Kwetu."

Bibi Nyamizi akasema bila kupandisha sauti, "Siku ile waliposimama mlangoni kwangu wakiniita mchawi, wakisema nimemla mtoto wa watu, wewe ulikuwa ndani. Nilikusikia ukikohoa."

Shija aliinamisha kichwa mpaka kikagusa ukingo wa kitanda. Bibi akageuza uso dirishani akasema, "Mimi siendi."

Unajua wewe kama ninavyojua mimi, Kalunde, neno hilo limewafanya nini vikongwe wa mikoa yetu hii. Yule mama alikuwa amekimbia Goweko ili asiuawe. Alipanda treni bila kumwambia mtu anakwenda wapi. Na mimi nilikuwa nimehangaika kumrudisha mlango ule ule, nimemvika na kanga mpya.

Watu walipotawanyika nilimuuliza, "Bibi, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nimetoka wapi," akasema. "Nikakujibu."

Nilikwenda nyuma ya jengo la kufulia nikakaa. Bwana Mihayo alinifuata, akakaa pembeni. Sikutaka aone machozi, lakini aliyaona. Nikamwambia nilidhani nimemfurahisha. Akasema, "Ulikuwa na furaha, binti, na si vibaya. Ila ile furaha ilikuwa yako. Ulidhani ni yake." Halafu akainuka akapangusa suruali. "Haya, twende. Sasa ndiyo kazi inaanza."

Kuanzia hapo nilimtazama mtu anayejua kazi akiifanya. Hakumgombeza Shija. Alimpa kiti. Akamgeukia Bibi Nyamizi, akamuuliza swali ambalo mimi nilikuwa nalijua kwa moyo kutoka kitabuni na sikuwahi kulitamka: "Bibi, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Kwanza nataka chai," Bibi akasema.

Ikaletwa chai. Alikunywa yote, hakuna aliyemharakisha. Ndipo akasema ana mdogo wake Ipole, mjane mwenye mizinga yake ya nyuki, na kwamba anataka kwenda huko; ndiko alikokuwa anaelekea alipoanguka.

Bwana Mihayo alirudi Goweko mara kadhaa. Mara moja alinichukua, akaniambia kabla hatujashuka, "Leo kazi yako ni kutazama nyuso." Kikao kilikuwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwepo mganga wa zahanati, akaeleza juu ya degedege, jinsi homa inavyompanda mtoto mpaka akakamaa. Mama wa yule mtoto aliyekufa alikuwepo, mdogo kuliko nilivyotegemea, karibu umri wangu. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo ningemwahisha zahanati, angepona?" Mganga akamsogelea. Alimwambia, "Ulikuwa hujui, mama. Hakuna aliyekuwa amekwambia." Yule msichana akajifunika uso. Nilielewa, na nilielewa kwa kumtazama, si kwa kuambiwa, kwamba kumwita kikongwe mchawi kulikuwa kumempunguzia mzigo ambao sasa tulikuwa tunamrudishia. Bwana Mihayo alilijua hilo kabla ya sisi wote. Baada ya kikao, wakati wengine wanaondoka, alibaki kwa yule msichana mpaka gari likapiga honi mara ya pili.

Lakini kabla watu hawajatawanyika, Shija alisimama. Mke wake alimvuta shati, hakukaa. Alisema, "Mama yangu hakumuua mtoto. Siku ile nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Leo bado naogopa, lakini nasema." Mzee mmoja aliondoka. Wawili watatu wakamfuata. Waliobaki walitazama chini.

Sitakudanganya kwamba kijiji kiligeuka. Hakikugeuka siku ile, na Bwana Mihayo alisema wazi kwamba haoni usalama wa kumrudisha bibi pale. Likizo yangu ikaisha kabla mambo hayajakamilika. Niliondoka Bibi Nyamizi akiwa bado wodini, nami nikiwa na kidonda moyoni. Kazi yetu iko hivyo, mara nyingi utaondoka katikati. Habari ya kwamba amefika Ipole niliipata kwa simu ya kulipia, nimesimama foleni nje ya bweni, Bwana Mihayo akiongea kwa kifupi kama kawaida yake: "Amefika. Anagombana na mdogo wake juu ya chumvi. Yuko salama."

Likizo iliyofuata nilikwenda kumtembelea. Alikuwa amenenepa. Shija alikuwa juu ya paa la nyumba ya mama yake mdogo, anabadilisha nyasi. Alikuwa anakuja kila msimu wa tumbaku unapopungua. Kule Goweko wapo waliokuwa hawamsalimii tena, lakini aliendelea kuishi pale. Yeye na mama yake hawakuwa wanaongea mengi. Alipoteremka, mama yake alimpa maji, akayapokea. Niliona hivyo tu, na Bibi Nyamizi aliishi miaka mingine mingi baada ya hapo.

Sasa nijibu swali lako. Huruma nilikuwa nayo tele, na ndiyo iliyonipandisha kwenye gari la chanjo. Kuongea na watu nilijua. Vitabu nilikuwa nimevisoma na nilivisoma vizuri, na wewe visome, usije ukasema Mama alisema vitabu havina maana. Swali la "unataka nini" limo humo. Lakini sikuwa nimelisikia bado. Nililisikia wodini, likitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, wakati mimi nimekwisha kuchelewa. Chuo chenyewe kitakupeleka kwenye mazoezi ya vitendo wakati wake ukifika. Ninachokuomba ni usingoje. Mwaka wa kwanza una Jumamosi nyingi. Tafuta kikundi, tafuta makao ya wazee, tafuta wodi, tafuta anayefundisha lugha ya alama. Ukifika mahali wakakuambia chemsha chai, chemsha chai, halafu omba kufuatana na mtu wa kwanza anayetoka nje ya ofisi. Wanafunzi wanaokuja kwetu siku hizi wengi ni wazuri, lakini wapo wanaokaa na simu wakingoja kazi iletwe mezani. Kazi hii haiji mezani.

Na ukitaka bado sheria baada ya mwaka mmoja, niambie, tutakaa wote na baba yako tuone. Sikulazimishi. Ila ukakosee kwanza mahali ambapo kuna mtu kama Bwana Mihayo pembeni yako. Mimi nilikuwa na bahati hiyo. Wapo wenzangu waliokosea peke yao wakiwa wameshaajiriwa, na waliolipa ni watu wengine.

Utachoka. Ipo siku utarudi bwenini hutaki kula. Mtafute mkufunzi wako au mwenzako mmoja, ukae naye, useme. Mimi nilichelewa kujifunza kusema, ndiyo maana nilikuwa nanyamaza hapo barazani na nyie mnaogopa kunikaribia. Si wewe uliyenikosea, siku zile zote.

Jambo la mwisho. Nyamizi si jina lake. Goweko na Ipole nazo usizishike sana. Jina lake halisi ninalo, na sitakutajia wewe, ingawa amezikwa miaka mingi na wewe ni mwanangu wa kuzaa. Ukimpata mtu wako wa kwanza wa kumhudumia, nipigie simu. Niambie alivyokaa, alivyocheka, alivyokukatalia. Niambie ulivyoharibu. Mimi nitasikiliza mpaka umalize. Jina lake baki nalo.

Mama yako,
Mwajuma